Huku akicheka, huku akilia: Mtunzi na matendo ya wakati mmoja

Kuna neno moja dogo linalozichosha hadithi zetu za siku hizi kuliko hata zile methali za kubandikwa kila aya. Neno lenyewe ni 'huku'. Fungua mswada wowote wa mwandishi chipukizi, au insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeambiwa na mwalimu kwamba lugha yake 'inapendeza', utakutana nalo limejipanga mstari baada ya mstari kama abiria kwenye steji saa kumi na mbili jioni. Mhusika hawezi kuingia nyumbani ila 'huku akitabasamu'. Hawezi kujibu swali ila 'huku akikuna kichwa'. Akiketi, basi ataketi 'huku akishusha pumzi'. Hadithi ina watu wanne tu, lakini wanne hao hawatulii hata nukta moja.

Nataka leo tulitazame tatizo hili kwa makini, kwa sababu si la msamiati peke yake. Wengi hudhani dawa ni kutafuta kisawe. Kijana mmoja aliyenipa mswada wake niusome aliniuliza, "Sasa Mwalimu, nikiacha 'huku' nitumie nini?" Nilipomrudishia kazi yake alikuwa tayari amenitumia ujumbe akipendekeza 'ilhali', 'wakati ambapo', 'sambamba na' na 'sanjari na'. Nikamwambia hapana. Ukibadilisha 'huku' kumi na moja za ukurasa mmoja ukaweka 'sanjari na' kumi na moja, umebadilisha kofia tu, upara uko pale pale. Tena 'sanjari na' ni ya taarifa za habari na hotuba za uzinduzi. Mtu hanywi chai sanjari na kulia.

Tuanze na sarufi maana ndipo utajiri ulipo. 'Huku' ni kionyeshi cha ngeli ya mahali, ndugu yake 'hapa' na 'humu'. Kiswahili kimefanya jambo la ajabu: kimechukua neno la mahali kikalituma kufanya kazi ya wakati. Tunasema 'alipoingia' na kiambishi '-po-' ni kile kile cha 'alipo' na 'nyumbani kulipo na watu'. Tunasema 'papo hapo' tukimaanisha dakika ile ile. Matendo mawili ya wakati mmoja, kwa Mswahili, ni matendo mawili yaliyo mahali pamoja, moja upande huu, jingine upande ule. Ndiyo maana usemi wa asili hulirudia neno: 'huku anacheka, huku analia'. Upande huu wa uso kicheko, upande ule machozi. Hapo 'huku' inafanya kazi halali na inalipwa mshahara wake.

Lakini tazama 'aliingia huku akicheka'. Kiambishi '-ki-' tayari kimekwisha kutuambia kwamba kucheka kunakwenda na kuingia. 'Aliingia akicheka' inatosha kabisa. Wazee waliotulea katika lugha hii hawakuhitaji zaidi. Na ubora wa '-ki-' huonekana ukiiweka kando ya jirani yake '-ka-'. Aliingia akicheka: kicheko kilianzia nje, yumkini njiani, na sisi hatujui kilichosababisha. Aliingia akacheka: alichokikuta ndani ndicho kilichomchekesha. Irabu moja tu imebadilika na hadithi nzima imegeuka. Mtunzi anayejua tofauti hii ana kisu kikali mkononi. Anayebandika 'huku' kila mara hukitumia kisu hicho kupaka siagi.

Kiambishi '-po-' nacho kina hatari zake. 'Alipofika, wageni walikula.' Je, walikuwa wakila alipofika, au walingoja afike ndipo wakala? Sentensi haisemi. Ukiandika 'alipofika, wageni walikuwa wakila', amewakuta na matonge mikononi. Ukiandika 'alipofika, wageni walikuwa wamekula', basi maskini amekuta sahani tupu, na huenda hapo ndipo ugomvi wa sura nzima unapoanzia. 'Alipofika, wageni wakala' inamfanya kuwa mtu wa heshima aliyengojwa. Msomaji hana haja ya kuambiwa 'wageni hawa walimdharau', kwani kitenzi kimekwisha kusema.

Sasa nije kwenye kosa ambalo limenikera miaka mingi. 'Aliingia huku akivaa suti nyeusi.' Hebu jione umeketi sebuleni, mgeni anaingia mlangoni huku akivaa suti! Mguu mmoja umo ndani ya suruali, mwingine unaruka-ruka kizingitini. Mwandishi hakukusudia hivyo. Alifikiri kwa Kiingereza, ambamo hali hiyo huelezwa kwa kitenzi chenye umbo la kuendelea, akakileta Kiswahilini kikiwa kizima na viatu vyake. Kiswahili kina njia yake: 'aliingia amevaa suti nyeusi'. Vitenzi kama kuvaa, kushika, kulala, kuketi, kubeba na kujifunga vina pande mbili, tendo lenyewe na hali inayobaki baada ya tendo. Ukitaka tendo, tumia '-ki-'. Ukitaka hali, tumia '-me-'. 'Alisimama mlangoni akishika panga' inaniambia kwamba mkono wake unalifikia panga sasa hivi. 'Alisimama mlangoni ameshika panga' inaniambia panga limekuwamo mkononi tangu zamani, na mimi nitarudi nyuma hatua mbili.

Iko pia njia isiyo na kitenzi kabisa, ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote: 'Alitoka nje, mtoto mgongoni, jembe begani.' Vitu vitatu kwa pamoja, na hakuna hata kiunganishi kimoja. Sikiliza wazungumzaji wa vijijini na wa mtaani, utaisikia njia hii kila siku: mikono mfukoni, macho kwenye simu, moyo mkononi. Kwa nini basi tukikamata kalamu tunaisahau?

Na 'hali' je? Waandishi wa zamani waliitumia sana: alikubali hali akijua kwamba anadanganywa. Wanasarufi wa Kiarabu huiita 'hal' ile sehemu ya sentensi inayoeleza mtendaji alikuwa katika hali gani alipotenda, na neno letu lina asili huko huko. Siku hizi tumeiachia 'ilhali' kazi hiyo, tena tumeifanya ya ukinzani tu. Sitaki kuwarudisha watu kwenye maandishi ya zamani kwa nguvu, ila 'hali akijua' ina uzito ambao 'huku akijua' haina.

Basi tutazame kifungu kizima. Nimekitunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, lakini walimu wenzangu watakitambua mara moja:

'Mama Zuhura aliingia jikoni huku akijifunga leso huku akimwita Saidi huku akiangalia sufuria. Saidi aliitika huku akicheza na simu huku akitafuna mkate. Mama alimkazia macho huku akikoroga mchuzi huku akifikiria karo.'

Mtu wa haraka atafuta 'huku' zote saba na kuacha '-ki-' zibaki. Kifungu kitapungua uzito kidogo, lakini bado kitakuwa orodha. Kasoro ya msingi ni kwamba mwandishi ameona picha ya sinema kichwani mwake na anataka kutupa kila kilichomo, kwa mpigo. Sinema inaweza, kwa vile jicho la mtazamaji hupokea sufuria, leso, simu na mkate mara moja. Neno haliwezi. Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alilieleza jambo hili mwaka 1766 katika kitabu chake Laokoon: mchoro na sanamu huweka vitu bega kwa bega katika nafasi, lakini ushairi huvipanga kimoja baada ya kingine katika wakati. Msomaji hupokea neno, halafu neno, halafu neno. Kila 'huku' ni ombi kwa msomaji arudi nyuma, aibandue picha aliyokwisha kuijenga, aongeze kitu, kisha aendelee. Ombi moja atalikubali. La tatu litamchosha, na la saba atalipita bila kuliona.

Jaribio langu mimi lingekuwa hivi:

'Mama Zuhura aliingia jikoni, leso kiunoni. Sufuria ilikuwa imeanza kufoka. "Saidi!" Saidi aliitika mdomo umejaa mkate, macho kwenye simu. Mama alikoroga mchuzi bila kumwondolea macho. Karo ilikuwa ikidaiwa tangu Jumatatu.'

Sidai ni kazi ya kuchongwa kwenye jiwe. Lakini angalia yaliyotendeka. Leso imekuwa hali, si tendo. Sufuria imepata sentensi yake kwa sababu ina haraka yake. 'Bila kumwondolea macho' imeunganisha kukoroga na kukazia macho na hakuna aliyeona uzi. Karo haikuwa tendo la kuonekana hata kidogo, ilikuwa fikra, kwa hiyo nimeiweka peke yake mwishoni imngoje Saidi. Msomaji anajua kwamba haya yote yalikwenda pamoja, ijapokuwa hakuna aliyemwambia. Binadamu akisoma matendo mawili ya chumba kimoja, sentensi zikiwa jirani, huyaweka pamoja mwenyewe. Kinachohitaji kutajwa ni pale ambapo matendo hayakwenda pamoja.

Hadi hapa mtu anaweza kusema Profesa anafanya ufundi wa sentensi tu. La. Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Kishazi huru na kishazi tegemezi havina cheo sawa. Kilichomo katika kishazi huru ndicho tukio. Kilichomo baada ya 'huku' ni mapambo ya nyuma, kama miti kwenye picha ya harusi. Kila mara mtunzi anapoandika matendo mawili ya wakati mmoja, anachagua nani awe mtu na nani awe mti. Soma sentensi hizi:

'Utingo alimsukuma ajuza nje ya matatu huku abiria wakitazama simu zao.'

'Abiria walitazama simu zao utingo akimsukuma ajuza nje ya matatu.'

'Utingo alimsukuma ajuza nje ya matatu. Abiria walitazama simu zao.'

Ya kwanza inamshtaki utingo, abiria ni mandhari tu. Ya pili inageuza mashtaka: sasa abiria ndio wahusika wakuu na unyama wa utingo ni kelele za pembeni, kama walivyotaka wenyewe uwe. Ya tatu inawapandisha wote kizimbani, kila mmoja kwa kosa lake, wala haipunguzi adhabu ya yeyote. Tukio ni moja, lakini hukumu ni tatu. Mwandishi aliyezoea 'huku' daima ataandika ya kwanza, si kwa kuwa ameamua abiria hawana hatia, bali kwa kuwa mkono umezoea.

Nimesoma riwaya si haba zinazojitangaza kuwa sauti ya wanyonge. Jaladani kuna pingu zilizokatika. Ukifungua ndani unakuta: 'Mheshimiwa na mkewe walijadili uchaguzi huku yaya akiwalisha watoto.' 'Wageni walipongezana huku mtumishi akikusanya sahani.' Yaya na mtumishi hawapewi kishazi huru hata siku moja, isipokuwa pale wanapoiba, wanapopata mimba au wanapokufa. Dhamiri ya riwaya inasema hivi, sarufi yake inasema vile. Mimi nikiwa mhakiki huiamini sarufi. Wahakiki wetu wanahesabu dhamira, wanahesabu maudhui, wanahesabu mbinu rejeshi. Wachache huuliza ni nani katika kitabu hiki anayemiliki kitenzi kikuu.

Mfano bora ninaoujua wa matendo ya wakati mmoja yaliyopangwa kwa akili hautoki kwetu. Umo katika Madame Bovary ya Gustave Flaubert, riwaya iliyotoka jaridani mwaka 1856 na kuwa kitabu 1857. Kuna maonyesho ya kilimo kijijini Yonville. Chini uwanjani viongozi wanahutubu na kutoa tuzo. Juu, katika ukumbi wa baraza la mji, Rodolphe anamtongoza Emma, mke wa tabibu. Flaubert anakata huku na kule: kipande cha hotuba, kipande cha mahaba. Kadiri mambo yanavyopamba moto vipande vinakuwa vifupi, hadi tangazo la tuzo ya samadi linaangukia katikati ya maneno matamu ya bwana yule. Hakuna anayetuambia kwamba maneno hayo matamu yananuka. Ujirani wa sentensi umetosha. Barua zake za mwaka 1853 kwa Louise Colet zinaonyesha jinsi alivyosumbuka na sehemu hii kwa miezi kadhaa, na hao wanaotuandikia riwaya kwa likizo moja wangefaa kulijua hilo.

Watu hukumbuka vichekesho vya samadi. Mimi humkumbuka Catherine Leroux. Ni kikongwe aliyefanya kazi miaka 54 katika shamba moja, anaitwa jukwaani apewe nishani ya fedha ya thamani ya faranga 25. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kipande, lakini mtumishi huyu anapotokea, ukataji unasita. Flaubert anampa aya nzima, mikono yake, uso wake, hofu yake mbele ya mabwana na bendera na ngoma. Hakumtia ndani ya kishazi tegemezi cha mapenzi ya watu wengine. Kisha sherehe inafungwa na kila mtu anarudi kwenye nafasi yake, watumishi wakiwemo. Mpangilio huu una siasa kali kuliko hotuba kumi za mhusika mwanaharakati.

Msije mkadhani fasihi yetu haina njia za kuwaonyesha watu walio mahali tofauti kwa wakati mmoja. Msimulizi wa hadithi za jadi alipotaka kuhama alisema waziwazi: tumwache fulani njiani, turudi kwa mwenziwe. Au alitumia yale maneno mawili matamu, 'huku nyuma'. Mfalme amekwenda vitani, huku nyuma waziri anafanya lake. Hapo 'huku' imerudi nyumbani kwake, kwenye mahali, na inabeba sura nzima mgongoni bila kulalamika. Magazeti nayo yana fomula yake. Msomi Benedict Anderson alieleza mwaka 1983 jinsi gazeti na riwaya zilivyowazoesha watu kuwaza kwamba maelfu wasiojuana wanaishi dakika moja, na kwamba habari za ukurasa mmoja mara nyingi zimefungwa na tarehe tu. Msomaji wa taarifa ya habari anapotamka 'wakati uo huo' (wengi husema 'huo huo', na hilo ni la siku nyingine) akatoka kwenye mafuriko akaingia kwenye kandanda, anafanya jambo hilo hilo. Ila mtunzi wa riwaya hana tarehe ya juu ya ukurasa ya kumfungia mambo yake. Lazima yafungwe na maana.

Na anayesimulia kwa nafsi ya kwanza ana mtihani mgumu zaidi, kwani hana macho ya ng'ambo. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea anakulia Tanga, kisha anasafiri kumtafuta babake hadi Kitale. Alichokuwa akifanya baba wakati mwana anakua hatuwezi kukiona kinapotendeka. Tunakipata baadaye, kama Kongowea mwenyewe. Walibora hakujaribu kulazimisha 'wakati huo baba naye' katikati ya safari, na kutojua huko ndiko kunakotusukuma tufungue ukurasa unaofuata. Waandishi wengi wa nafsi ya kwanza hawana uvumilivu huo. Msimulizi wao amelazwa hospitalini hajitambui, lakini anatueleza wezi nyumbani kwake walivaa nini.

Kwa walimu nina ombi dogo. Mwanafunzi akiandika 'huku' mara tatu katika sentensi moja, msimkate alama mkaishia hapo, wala msimpe alama za 'mtiririko'. Muulizeni ni lipi kati ya matendo hayo ambalo angelilipia nauli kwenda kulitazama. Hilo lipewe kitenzi kikuu. Yanayobaki yatazameni moja moja: hili ni hali, liende kwenye '-me-', hili ni kitu kilichopo mwilini, halihitaji kitenzi, hili halikuhitajika kabisa.

Wala sipendekezi 'huku' ifutwe. Kuna sentensi ambazo haziwezi kusimama bila hiyo, nazo ni zile ambazo matendo mawili hayapaswi kukaa pamoja katika mwili mmoja. 'Alimkumbatia shemejiye kwa kilio huku mkono wake ukipapasa mfuko wa koti la marehemu.' Upande huu kilio, upande ule vidole. Jaribu kuiondoa 'huku' hapo, useme 'alimkumbatia shemejiye kwa kilio, mkono wake ukipapasa mfuko wa koti la marehemu', na mkono ule utaonekana kama wa mtu anayetafuta leso ya kufuta machozi.